Usikate mshipa usioujua: namna ya kujipanga na mishipa iliyokaa tofauti tangu kuzaliwa kwenye upasuaji wa kansa ya pafu

Nianze na siku niliyokaribia kuharibu. Nilikuwa bado nafundishwa, tunatoa lobu ya juu ya pafu la kushoto (lobu ni kipande kikubwa cha pafu), kansa yenyewe ndogo, mgonjwa ana nguvu zake, kila kitu kinaenda vizuri. Nimeshaitenga ile vena ya mbele, yaani mshipa unaorudisha damu ya lobu ya juu moyoni, nimeizungushia kamba, stepla ya kufunga na kukata mshipa iko mkononi, nikaona mbona mnene hivi huu mshipa, lakini nikajiambia ah kila mtu na maumbile yake. Mwalimu wangu alikuwa ameshika kamera, hakusema acha wala nini, aliniuliza tu, "Ya chini iko wapi?" Yaani vena ya lobu ya chini. Nikaitafuta, sikuiona. Tukageuza pafu, tukafungua kwa nyuma, tukaifuata taratibu, kumbe ya juu na ya chini zimeungana kabla ya kuingia kwenye moyo na mimi kamba nimeizungushia shina lenyewe. Ningebana ile stepla, lobu ya chini ingebaki inaingiza damu bila pa kuitolea, na mgonjwa aliyekuja kutolewa lobu moja angerudi wodini hana pafu lote la kushoto.

Lile swali la ya chini iko wapi ndo mwongozo wote huu, mengine ni maelezo. Naandika kwa madokta wanaoanza upasuaji wa kifua na timu ya thieta kwa ujumla, na kama we ni mgonjwa au ndugu umeambiwa "mishipa yako imekaa tofauti" soma tu usiogope, ya kwako nimeiweka mwishoni.

Kwa nini mishipa inakosea njia

Watu wengi wanakariri orodha ya maumbile yasiyo ya kawaida kama wanakariri namba za simu, afu siku ya siku wanasahau. Bora uelewe ilivyotokea. Mtoto akiwa tumboni, kama wiki ya 4 hivi, mapafu yanachipuka kutoka kwenye bomba lile lile litakalokuja kuwa umio na tumbo, na kwa sababu yamechipukia huko damu yake mwanzoni inarudi kupitia vena za mwili, haijuani kabisa na upande wa kushoto wa moyo. Baadaye chemba ya juu ya kushoto ya moyo inatoa mshipa mmoja unaoenda kukutana na mtandao wa vena za mapafu, na wakishakutana zile njia za zamani zinanyauka zinapotea. Ule mshipa mmoja nao unamezwa kidogo kidogo na ukuta wa chemba mpaka matawi yake manne yanaingia kila moja na mlango wake, mawili kulia mawili kushoto.

Sasa angalia. Njia ya zamani isiponyauka, una vena ya pafu inayopeleka damu yenye oksijeni kwenye vena za mwili badala ya moyo wa kushoto. Ule mshipa ukimezwa nusu, vena mbili za upande mmoja zinabaki na shina moja. Ukimezwa kupita kiasi, vena ya lobu ya kati inapata mlango wake peke yake. Na pafu likibaki limeshika ateri ya zamani (ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni) kutoka kwenye aota, ile ateri kuu ya mwili, unapata kipande cha pafu kinacholishwa damu yenye presha ya mwili mzima. Hamna cha kukariri hapo, ni hadithi moja tu imekatikia sehemu tofauti tofauti.

Na hao watu wanaishi vizuri kabisa. Wanafika miaka 60, 70, hawajui kitu, mpaka kansa inawaleta kwenye CT (ile picha ya kompyuta ya vipande vipande) au mezani. Ndo maana tunazikuta sisi.

Kazi inaanza kwenye picha

Kiukweli mishipa mingi inayoitwa "iligunduliwa wakati wa upasuaji" ilikuwa inaonekana kwenye CT tangu siku ya kwanza, ni kwamba hakuna aliyeitafuta. Daktari wa radiolojia aliulizwa uvimbe una ukubwa gani, tezi zimevimba au hazijavimba, umeenda kwenye ini au haujaenda, akajibu hayo hayo. Usimlaumu. Kuisoma mishipa ya mgonjwa unayeenda kumkata ni kazi yako wewe unayeshika kisu.

Unahitaji CT ya kifua yenye dawa ya kontrasti, na vipande vyembamba, milimita 1 hivi ndo raha, kwa sababu kwenye vipande vya milimita 5 tawi dogo la ateri linapita katikati ya picha mbili na hulioni. CT inayokuja pamoja na PET mara nyingi ni ya mionzi kidogo na haina kontrasti, hiyo ni ya kutafuta kansa ilipojificha, usiitegemee kwa mishipa. Kama kituo chako kina programu ya kutengeneza picha ya 3D itumie, ila usiitumie kama kisingizio cha kutosogeza vipande mwenyewe, maana ile 3D imetengenezwa na mtu au na kompyuta na wote wanakosea, hasa pale ateri na vena zinapogusana.

Mimi naanzia moyoni. Naenda kwenye chemba ya juu ya kushoto, nahesabu milango ya vena, nikipata minne namshukuru Mungu, nikipata mitatu au mitano nasimama hapo hapo. Afu kila vena naifuata kwenda nje mpaka nijue inatoa damu lobu gani. Nikimaliza nageuza, natoka kwenye lobu narudi moyoni, kwa kuwa ukienda upande mmoja tu utaona milango iliyopo lakini hutajua kwamba kuna lobu ambayo vena yake haijafika kabisa moyoni. Hapa ndo watu wengi wanapopigwa, wanahesabu walichokiona, hawatafuti ambacho hakipo.

Baada ya vena nafuata ateri kutoka shina kuu, tawi kwa tawi, afu mirija ya hewa. Mirija usiidharau. Mgonjwa ambaye mrija wa lobu ya juu kulia unachomoka kwenye koo la hewa lenyewe badala ya chini ya mgawanyiko, au upande wa kushoto mrija wa juu umehama mahali pake, huyo mishipa yake nayo tegemea imehama, vinaenda pamoja mara nyingi. Mrija wa ajabu ni kengele.

Mwisho napita sehemu ambazo hazitakiwi kuwa na mshipa: pembeni mwa upinde wa aota kushoto, nyuma ya umio, kwenye ule utando unaoshikilia lobu ya chini, na karibu na azigosi kulia, ile vena inayopanda pembeni mwa uti wa mgongo. Yote hayo ukizoea ni dakika 15, na nikimaliza nachora kwa mkono kwenye karatasi. Watu wananicheka na michoro yangu ila ukiweza kuuchora unaujua, ukishindwa kuuchora ulikuwa unautazama tu.

Vena inayorudi upande usio wake

Hii nikae nayo kidogo kwa sababu ndo yenye mtego mkubwa. Vena moja au zaidi za pafu haziendi chemba ya kushoto, zinaingia vena kava ya juu (vena kubwa inayorudisha damu ya kichwa na mikono moyoni), au azigosi, au ile vena kubwa ya shingoni kushoto inayopita mbele kwenda kulia, au hata vena kava ya chini. Kwenye uchunguzi wa maiti imekutwa kwa watu kama asilimia 0.4 mpaka 0.7, yaani ukifanya kazi hii miaka ya kutosha utakutana nayo tu. Ile inayoshuka kutoka pafu la kulia kwenda vena kava ya chini kwenye eksirei ya kifua inaonekana imepinda kama jambia, na hiyo huwa inajulikana mapema. Zinazojificha ni za lobu ya juu.

Kushoto utaona mshipa unapanda pembeni mwa upinde wa aota. Tatizo ni kwamba kuna watu wengine, kama asilimia 0.3 mpaka 0.5, wana vena kava ya juu ya pili upande wa kushoto, nayo inapita hapo hapo. Ukitaka kuzitofautisha shuka mpaka usawa wa mrija mkuu wa hewa wa kushoto uangalie mbele yake. Kama ni vena kava ya pili utakuta mishipa miwili, hiyo kava yenyewe na vena ya juu ya pafu iliyo mahali pake, na ukiendelea kushuka kava hiyo kwa kawaida inaingia sinasi ya koronari nyuma ya moyo (vena inayokusanya damu ya moyo wenyewe) ambayo inakuwa imetanuka. Kama ni vena ya pafu iliyopotea njia, mbele ya mrija pale patakuwa patupu au pana kijimshipa tu, kwa sababu vena iliyotakiwa kuwa pale ndo hiyo iliyopanda juu. Kulia tafuta mshipa unaoingia vena kava ya juu kwa ubavuni karibu na azigosi, na ukiuona agiza eko ya moyo (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), maana huo unapenda kuongozana na tundu kwenye ukuta wa juu kati ya chemba mbili.

Sasa ukishaiona ufanyeje? Jiulize swali moja: iko kwenye lobu ninayoitoa au kwenye lobu inayobaki?

Iko kwenye lobu unayoitoa, basi umebahatika. Unaitenga, unaifunga, unaikata, na kwa kufanya hivyo umemtibu mgonjwa tatizo alilozaliwa nalo bila kumtoza cha ziada. Kitu cha kuangalia ni usiikose tu, kwa sababu ukifuata njia ya kawaida utakata vena ndogo iliyopo mahali pake ukadhani umemaliza, afu ukivuta lobu unachana ile nyingine iliyofungwa huko juu.

Iko kwenye lobu inayobaki, hapo ni habari nyingine kabisa. Leo hii lobu hiyo inapokea sehemu tu ya damu ya mapafu, na inayorudi upande wa kulia ni kidogo, moyo unavumilia. Ukitoa lobu zingine damu yote inagawanywa kwa zilizobaki, kwa hiyo ile inayozunguka bure kutoka pafu kurudi kulia kwenda tena pafuni inaongezeka ghafla. Mfano mbaya kuliko yote ni kutoa pafu zima la kushoto kwa mgonjwa ambaye lobu yake ya juu ya kulia inamwaga damu vena kava. Moyo wa kulia unazidiwa, presha ya mapafu inapanda, na mgonjwa anakufia wodini siku chache baadaye huku watu wanatafuta nimonia. Upasuaji ulikuwa mzuri, kovu safi, kosa lilikuwa pafu la upande mwingine ambalo hakuna aliyeligusa.

Kwa hiyo kabla ya thieta unapima. Eko, na ikibidi kathita ya moyo wa kulia (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye vena mpaka moyoni) ili kujua damu inayopita mapafuni ni mara ngapi ya ile inayoenda mwilini. Kipimo kinachotumika sana kwa matundu na njia za aina hii ni mara 1.5, ikivuka hapo inahesabika ni nyingi, lakini we kumbuka unapima hali ya leo kabla hujatoa lobu, kwa hiyo hata ikiwa chini ya hapo piga hesabu ya kesho. Moyo ukishakuwa umetanuka kulia au unataka kutoa pafu zima, usiende bila mpango wa kuirudisha hiyo vena mahali pake, na inawezekana kufanywa siku hiyo hiyo: kushoto inashonwa kwenye kile kisikio cha chemba ya kushoto, kulia inashonwa kwenye chemba yenyewe au kwenye kishina cha vena ya lobu uliyoitoa. Hiyo ni kazi ya mtu wa moyo, muite mapema, usimpigie simu kifua kikiwa wazi.

Na daktari wa usingizi ajue. Kuna kituko kimoja kinatokea, anaweka laini ya shingoni kushoto (mrija unaoingizwa kwenye vena), ncha inaingia kwenye hiyo vena ya pafu, akivuta damu inakuja nyekundu angavu na kipimo cha oksijeni kiko juu, anadhani amechoma ateri, anaanza kuhangaika. Angeambiwa angechagua kulia tangu mwanzo.

Shina moja na ndugu zake

Shina la pamoja la vena, lile la kwangu, linaonekana zaidi kushoto na si kitu cha ajabu hata kidogo. Kanuni ni moja: hukati vena ya juu mpaka umeiona ya chini kwa macho yako ikiingia moyoni peke yake, na hukati ya chini mpaka umeiona ya juu. Kama huzioni fungua mfuko wa moyo uangalie ndani, hakuna aibu. Likishakatwa shina kwa bahati mbaya, lobu iliyobaki inaanza kuwa nyeusi, inavimba, na kwenye bomba la hewa linakuja povu lenye damu. Ukigundua hapo hapo kuna nafasi ya kuunganisha upya. Ukigundua kesho yake umeshachelewa, unarudi kutoa pafu.

Kulia mtego wake uko kwenye lobu ya kati. Kwa kawaida vena yake inaungana na ya juu, lakini kwa baadhi ya watu inaingia kwenye vena ya chini au moja kwa moja kwenye chemba, kwa hiyo ukitoa lobu ya chini na kupiga stepla kwenye shina la vena ya chini umeinyonga lobu ya kati. Tena kuna vena ya sehemu ya nyuma ya lobu ya juu ambayo badala ya kupita mbele inapita nyuma ya mrija wa kati wa hewa. Hii inakukuta siyo kwenye kutoa lobu bali kwenye kusafisha tezi chini ya mgawanyiko wa koo la hewa, pale watu wanapofanya kazi haraka kwa kifaa cha joto kwa sababu wanaamini hapana mshipa wa maana.

Ateri nazo. Lobu ya juu ya kushoto ndo bingwa wa vituko, matawi yake huyajui idadi mpaka uyahesabu, kuna mtu ana matatu na kuna mtu ana saba. Tawi la lingula (sehemu ya chini ya lobu ya juu ya kushoto) linaweza kuchomoka mapema, mbele, likajificha nyuma ya vena ya juu, wewe unapitisha kifaa nyuma ya vena kwa kujiamini unaitoboa. Au kinyume chake, tawi la lingula linatoka chini kabisa pamoja na ateri za lobu ya chini, unatoa lobu ya chini unakata juu sana, lingula inabaki bila damu. Ndiyo maana tangu majaribio makubwa ya 2022 na 2023 yalipoonyesha kwamba kwa uvimbe wa sentimita 2 kushuka chini kutoa segmenti (kipande kidogo cha lobu) kunatosha kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, mimi nasema anatomia imekuwa ngumu zaidi siyo rahisi zaidi. Mwaka 1933 daktari wa upasuaji wa Marekani Evarts Graham alipotoa pafu zima kwa kansa alifunga shina zima akamaliza. Anayetoa segmenti leo anatakiwa amjue kila mjukuu wa ukoo ule.

Zingine nipite haraka. Ule utando wa chini wa pafu ambao kila mtu anaukata bila kufikiri, ndani yake inaweza kupita ateri kutoka aota inayolisha kipande cha lobu ya chini. Ukiikata bila kuifunga inajivuta kwenda chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), na hiyo ni damu yenye presha ya aota, siyo ya ateri ya pafu ambayo wastani wake ni kama milimita 15 tu za zebaki. Mshipa wowote ndani ya utando ule ufunge kwanza, uulize baadaye.

Azigosi ikiwa nene kupita kawaida, usiifunge. Narudia, usiifunge mpaka umeangalia kama vena kava ya chini ipo nyuma ya ini. Kuna watu kava yao ya chini imekatika tangu kuzaliwa na damu yote ya miguu na figo inapanda kwa azigosi, kwenye eksirei inaonekana kama tezi iliyovimba kulia kwa koo la hewa, na ukiifunga umefunga njia ya nusu ya mwili. Wapo waliokufa hivyo. Lobu ya azigosi, ambayo iko kwa mtu kama mmoja kati ya mia, hiyo haina shida kubwa, ni azigosi tu imepita ndani ya mkunjo wa utando na inakuzibia kuona.

Upande wa tezi za juu kulia kumbuka ateri ya mkono wa kulia inayotoka mwisho kwenye upinde wa aota na kupita nyuma ya umio. Mwenye hiyo, neva ya sauti ya kulia haizunguki huko chini ulikozoea, inaenda moja kwa moja kwenye koromeo. Na upinde wa aota ukiwa kulia, neva ya kulia ndiyo inayozunguka upinde.

Halafu kuna uvimbe ambao si uvimbe. Ateri na vena za pafu zilizoungana moja kwa moja zinaonekana kama kinundu cha mviringo, mtu anapeleka sindano kuchukua kipande, damu inamwagika. Kinundu chenye mshipa unaoingia na mwingine unaotoka, na kinachong'aa na kontrasti sawa na mishipa, usikichome.

Mezani

Hata ukisoma picha vizuri namna gani, ukifika ndani fanya kama hujasoma. Mchoro wako ubandike ukutani, timu yote iuone, na kwenye lile tangazo la kabla ya kuanza sema wazi "mgonjwa huyu ana moja mbili tatu". Nesi wa vifaa ajue mapema kwamba klempu za mishipa mikubwa ziwe juu ya meza, siyo kabatini.

Kabla ya kukata chochote taja kwa sauti: hii ni vena ya lobu fulani, ile nyingine naiona pale. Ukishindwa kumalizia sentensi weka stepla chini. Mshipa unaoutilia shaka ubane kwanza kwa muda kwa klempu laini, umwambie mtu wa usingizi apulize pafu, usubiri dakika kadhaa mkiangalia. Rangi ya lobu inayobaki imebadilika? Inavimba? Presha imeyumba? Mrija wa hewa vivyo hivyo, bana afu puliza, lobu inayobaki ijae yote ndo ukate. Kusubiri kunachosha, najua, na kuna mtu nyuma atakuwa anaangalia saa, muache aangalie.

Ukiona kitu ambacho hakiko kwenye picha na hukielewi, ruhusa ya kubadilisha mpango unayo. Fungua kifua kama ulikuwa kwa kamera. Ita mtu mkubwa. Rudi kwenye kompyuta ya thieta uangalie tena ile CT ukiwa sasa unajua unatafuta nini, mara nyingi utaiona ilikuwepo inakutazama.

Ikipasuka, bonyeza. Kipande cha pamba kwenye kishikio, au hata pafu lenyewe likandamize pale pale, dakika tano bila kuchungulia. Ateri ya pafu ina ukuta mwembamba lakini presha yake ni ndogo, inatii ikibonyezwa. Kosa ni kutumbukiza klempu kwenye damu bila kuona, unageuza tundu kuwa mchaniko. Ukiwa umebonyeza ndo uombe damu, mwambie mtu wa usingizi, ongeza mwanga na mkono wa pili, afu utafute shina kuu ulizungushie kamba, ndani ya mfuko wa moyo ikibidi. Ila damu inayoruka kwa mapigo kutoka kwenye utando wa chini hiyo ni ya aota, haisubiri, fungua.

Baada ya hapo, na kwa mgonjwa

Andika. Kwenye ripoti ya upasuaji andika mshipa gani ulikuwa wapi, umeufanyaje, na uliobaki uko wapi, kwa maneno ya kawaida na mchoro. Mgonjwa ambaye vena iliyopotea umeiacha kwenye lobu inayobaki anahitaji eko za kufuatilia, na akianza kukosa pumzi miezi mingi baadaye mtu asikimbilie tu kusema kansa imerudi.

Kwako mgonjwa: kuwa na mshipa uliokaa tofauti hakukusababishia kansa na hakumaanishi upasuaji hauwezekani. Kabla ya upasuaji uliza mambo matatu. Je, mmeangalia mishipa kwenye CT yenye kontrasti, siyo uvimbe peke yake? Huo mshipa uko kwenye sehemu mnayoitoa au inayobaki? Kama iko inayobaki, moyo umepimwa? Daktari anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa hivyo, atakuchorea.

Ukishapona omba nakala ya ripoti na ya picha ukae nazo. Hasa kama umeambiwa una vena kava ya pili kushoto, maana siku ukihitaji laini ya shingoni, ya kutibiwa figo au betri ya moyo, anayeweka atajikuta waya unashuka upande asioutegemea, na ukimwambia kabla hajaanza atapitia kulia.